Folda Isiyovuka Ukuta

SURA YA TISA

Kwa wiki sita Penseli alikuwa amejifunza kupima muda kwa folda. Folda ikianza kufunguka, aliweza kushona kifungo kimoja na kukata uzi. Kufungua ramani yenyewe kulimpa nafasi ya kukunja nguo za kikapu kizima. Na kuihifadhi, Mungu akijalia isikwame, kulimtosha kwenda jikoni, kuosha sufuria, kuipangusa, kurudi na kukuta kile kiduara cha buluu bado kinazunguka katikati ya skrini kama ngamia wa kinu, anayetembea kutwa nzima na jioni yuko palepale.

Jina la Penseli alipewa na marehemu mama yake, kwa wembamba wake, na kwa sababu tangu akiwa na miaka mitano hakuacha ukuta bila mstari. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, na mistari ndiyo iliyokuwa kazi yake. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Mpima, alipima viwanja vya watu kwa miaka thelathini na minane, mpaka mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka. Tangu hapo baba alipokea vipimo, binti akavichora, na shangazi, dada yake Mzee, akaandika barua za wateja. Watu watatu, vyumba vitatu, kompyuta tatu, na folda moja ya pamoja iliyoitwa KAZI, iliyokaa ndani ya kompyuta ya Mzee katika ofisi yake ya mbele. Kila mstari aliouchora Penseli ulitoka humo na kurudi humo.

"Kazi ya nyumba hii inalala nyumbani," Mzee alikuwa akisema. Na aliposema kazi, Penseli alijua kwamba na yeye yumo ndani ya neno hilo.

Chumba chake cha kuchorea kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilitazama ukuta wa jirani. Angenyoosha mkono angeugusa. Palikuwa na ufa pale ukutani, umeanzia juu kushoto ukishuka kama mto kwenye ramani, naye aliujua kila kona yake.

Alhamisi hiyo, saa tisa alasiri, mlango wa uani uligongwa mara tatu, ukanyamaza, kisha ukagongwa mara moja. Sindano ikamchoma Penseli kidole. Ulimwenguni alikuwako mtu mmoja tu aliyegonga mlango namna hiyo.

Shangazi akaingia chumbani akinyata, mwili wake mkubwa ukijaribu kuwa mdogo, akaurudishia mlango nyuma yake.

"Usishtuke," alisema.

"Umemwita nani, Shangazi?"

"Unajua nimemwita nani. Mafundi wawili wamepita hapa. Wa kwanza kabadilisha waya wote, wa pili katuletea ruta mpya yenye pembe nne kama shetani, na bado nikitaka barua moja nakwenda kuoga narudi. Nimemwita aliyeufunga mtandao wenyewe. Mtoto akilia usiku, si aliyemzaa ndiye ajuaye anapouma?"

"Na Baba?"

"Baba yako amekubali kwa masharti. Apite mlango wa uani. Asikae mahali ila kwenye kiti alichopewa. Na wewe usitoke chumbani mpaka amalize."

"Mimi nina ugonjwa wa kuambukiza?"

"Kwa huyo, ndiyo. Mliambukizana zamani." Shangazi akamtazama, akamwonea huruma, akampangusa tone la damu kidoleni kwa upindo wa nguo yake. "Jikaze, mwanangu. Ni saa moja tu."

Miaka mitatu haikumtosha Penseli kumsahau Fundi, saa moja ingemtosha nini?

Fundi alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa akipita mlangoni hata kama mlango ulikuwa na nafasi. Alikuja nyumbani hapo mama mtu akiwa hai, akaunganisha kompyuta zote, chumba kwa chumba. Kazi ya siku mbili ikachukua wiki, na mama mtu, aliyekuwa na macho, akawa anampelekea chai kwa mkono wa Penseli. Mwaka uliofuata mama alifariki. Fundi alipokuja kuposa, Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mtu ambaye ofisi yake ni begi, nyumba yake itakuwa nini?" Akamwonyesha mlango wa uani, si ule wa mbele aliouingilia. Fundi akaondoka, akaenda mji mwingine, akafungua ofisi yenye kuta na kibao. Miezi miwili iliyopita alimwandikia Mzee barua ya heshima. Alisema hana nia ya kumnyang'anya mkono wake wa kuchorea. Penseli akiolewa ataendelea kuchora kutoka huko, ataifungua folda ya KAZI kutoka mbali kama aliye chumba cha pili.

Mzee hakuijibu kwa wiki mbili. Kisha folda ikaanza ugonjwa wake, naye akapata jibu. Aliliandika kwa mstari mmoja, na Penseli alilisoma: *Folda haiwezi kuvuka ukuta wa korido yangu, itavuka milima?*

Ndiyo maana leo moyo ulimwenda mbio. Folda ikipona, jibu la baba litakuwa limekufa. Isipopona, Fundi ataondoka Jumapili asubuhi, kama alivyomwambia Shangazi kwenye simu, na hatapiga tena hodi mara tatu na moja katika nyumba hiyo.

Ofisi ya Mzee na chumba cha Penseli vilitenganishwa na ukuta mmoja, na milango yote miwili ilitazama korido. Hakuna lililosemwa huku lisisikike kule.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa hapo. Si hapo, hapo. Ukitaka kumuuliza kitu aliye chumba cha pili, niulize mimi, nami nitamuuliza."

"Sawa, Mzee. Naomba basi afungue folda."

"Fungua folda," Mzee aliuambia ukuta.

"Nimefungua," alisema Penseli.

"Amefungua."

"Nimesikia, Mzee."

"Hukutakiwa kusikia. Endelea."

Huko jikoni Shangazi alikohoa kikohozi kisichokuwa cha kifua.

"Naomba nijue inamchukua muda gani," Fundi alisema.

"Muda gani?"

"Sekunde arobaini na mbili kuonyesha yaliyomo," Penseli alijibu. "Nimezihesabu wiki sita."

"Arobaini na mbili."

"Na anafanya nini wakati anasubiri?"

Kiti cha Mzee kililia. "Hilo linahusu nini na mtandao?"

"Wakati mwingine mashine inaelemewa na kitu kingine kilichofunguliwa."

Mzee akafikiri, akaona lina mantiki. "Anauliza unafanya nini ukisubiri."

"Nashona vifungo."

"Anashona vifungo."

"Vingapi?"

"Kijana."

"Samahani, Mzee."

Penseli akafumba macho. Ilikuwa sauti ileile. Miaka mitatu alikuwa ameisikia kichwani tu, na kichwa, kama mchoraji mvivu, kilikuwa kimefuta nusu ya mistari. Hakikukumbuka kwamba sauti hiyo ilishuka kidogo mwishoni mwa kila swali, kama mtu anayeweka kitu mezani polepole kisivunjike. Alishika ukingo wa meza. Hatua kumi zingemfikisha mlangoni kwa baba yake. Alizihesabu na hizo, kisha akabaki alipo, kwa sababu katika maisha yake yote hakuwahi kumkaidi mzazi huyo hata kwa kikombe cha maji.

Walijaribu hivi na vile. Fundi alichomoa waya, akauchomeka kwingine. Alizima ruta yenye pembe. Alimwomba Mzee amwambie Penseli aandike njia nzima ya faili moja kwa mkono, bila kupitia orodha, na ramani ikafunguka papo hapo, safi, na mipaka yake yote. Penseli alishtuka hata akasahau sheria.

"Imefunguka," alisema kwa sauti. "Fundi, imefunguka hapohapo."

Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia yeye mwenyewe tangu siku ile ya mlango wa uani.

"Basi waya ni wazima," Fundi alijibu taratibu. "Na ruta nzima. Mafaili yakianza kuja yanakuja mbio. Kinachokwama ni kabla ya kuanza. Mzee, nitahitaji kuiona skrini yake."

"Haiwezekani kuiona kutoka hapa?"

"Ukuta hauniruhusu."

Wakaja. Mzee alitangulia, mkono wake wa kulia akiuficha mfukoni kama kawaida yake mbele ya wageni. Fundi akainamisha kichwa mlangoni. Penseli alikuwa amejiandaa kumtazama kwa heshima na kutazama pembeni, kama binti aliyelelewa. Aliweza lile la kwanza. Walitazamana kwa muda wa kifungo kimoja, labda na nusu. Aliona mvi mbili juu ya sikio lake ambazo hakuzijua. Naye Fundi aliona, bila shaka, kile ambacho kioo kilimwonyesha Penseli kila asubuhi: mtu anayefifia kama mchoro ulioachwa dirishani.

"Kazi ni kwenye skrini," Mzee alisema.

Fundi akachuchumaa mbele ya meza. Hakukigusa kipanya, alinyoosha kidole tu upande wa kushoto, palipoandikwa majina mawili. La juu, KAZI. La chini, BARUA, na kando yake alama ndogo nyekundu ya mkasi.

"Hii alama ina muda gani?"

"Sijui," Penseli alisema. "Sikuitilia maanani. Huko sina ruhusa ya kuingia."

Fundi hakuinua uso. Penseli alimwona akiwa ameshaelewa, na akiwa hapendi alichokielewa. BARUA lilikuwa jina la folda ya mama. Yeye mwenyewe Fundi aliiunganisha siku ileile ya kwanza, kutoka kwenye kompyuta ya mama iliyokaa chumbani kwa wazee, mama aliyekuwa akiandika barua zote za ofisi kabla Shangazi hajaichukua kazi hiyo.

"Mzee," alisema, "hizi kompyuta zote tatu zilifundishwa milango miwili. Ukigonga KAZI, mashine inapita kwanza na kwa BARUA, ione kama yuko mtu. Akiitika, inaendelea na safari yake, wewe hujui hata kama ilipita. Asipoitika, inagonga tena. Inasubiri. Mpaka ikate tamaa, ndipo inarudi kukufungulia huku. Zile sekunde arobaini na mbili ni za kusubiri mlangoni kwa mtu ambaye hayupo."

Shangazi alikuwa amefika mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Ile kompyuta imepumzishwa," Mzee alisema. "Haihusiki."

"Naweza kuiangalia?"

"Imo chumbani kwangu. Chumbani kwangu haingii fundi. Hata wale wawili niliwakatalia."

Hapo Penseli akakumbuka kitu, na kitu hicho hakikuwa cha kuonekana. Kwa miaka minne tangu mama afariki, kila asubuhi kabla ya jua, alikuwa akisikia kutoka chumba cha wazee mvumo mdogo wa feni, kama nyuki ndani ya kopo. Baba aliiwasha kompyuta ya mkewe asubuhi na kuizima jioni, kama marehemu alivyokuwa akifanya mwenyewe. Hawakuwahi kulizungumza. Na mvumo huo, sasa alipoutafuta masikioni, ulikuwa umekoma kwa wiki sita. Ulipokoma alidhani majonzi ya baba yamepoa. Alifurahi hata, kwa siri.

"Baba," alisema, "imekufa lini?"

"Nani amekwambia imekufa?"

"Sijaisikia wiki sita."

"Chora ramani zako."

"Kaka," Shangazi alisema, "mficha maradhi..."

"Wewe nyamaza."

"Nanyamaza. Na kilio kitakuumbua. Mimi nilikuwa nikidhani umeuma waya kwa meno yako usimtoe mtoto, kumbe ni hili."

Mzee alimgeukia Fundi, na sauti yake ilikuwa ile ya mpakani, ya mtu aliyezoea kusimama kati ya majirani wawili wenye mapanga. "Dawa yake ni nini?"

"Iko rahisi. Jina la BARUA nikilifuta hapa, na kwa Shangazi, na kwako, ni dakika mbili. Folda itaruka."

"Hakuna anayelifuta."

"Nimeelewa, Mzee."

"Sijui kama umeelewa. Nimesema jina lile halifutwi."

"Nimeelewa," Fundi alirudia. Akasimama. "Kompyuta si yangu, na jina si langu kulifuta. Basi kazi yangu imefika mwisho. Nisamehe nimekusumbua."

Akainama kuchukua bisibisi yake. Penseli akamwona akiiweka ndani ya begi, kisha koleo, kisha ule waya mfupi wa kupimia, kimoja kimoja, bila hasira, na kila kilichoingia kwenye begi hilo kilikuwa kama kitasa kinachofungwa. Akatazama skrini. Kipanya kilikuwa chini ya kiganja chake mwenyewe. Alihitaji kubonyeza mara mbili, asiombe ruhusa ya mtu. Kidole kilishafika. Dakika mbili kati yake na mlango. Si dakika, pumzi mbili. Alisoma herufi zile tano, BARUA, na akakumbuka siku zilipoandikwa: mama kasimama nyuma ya Fundi na miwani puani, anasema, andika kubwa, kijana, nisije nikapotea ndani ya nyumba yangu.

Kidole hakikushuka.

Akagundua kwamba alikuwa akilia, tena kwamba alikuwa amesimama. Mlango wa chumba ulikuwa hatua tatu. Sheria ilisema asitoke. Akazipiga hatua tatu, akapita katikati ya baba na Fundi, akafika koridoni mbele ya mlango uliofungwa wa chumba cha wazee, akageuka na kunyoosha mkono.

"Baba. Ufunguo."

"Rudi chumbani."

"Nitarudi. Nipe ufunguo kwanza. Sitalifuta jina la Mama, na huyu hatalifuta. Lakini sitakaa tena kusubiri mlangoni kwa mtu bila kuingia hata kumwona."

Mzee alimtazama. Pengine alikuwa akimwona mama mtu, maana watu walisema Penseli akikasirika anafanana naye kidevu. Alitoa mkono wake mfukoni, ule wa kulia, ukatetemeka mbele ya mgeni bila kufichwa, na ndani yake mlikuwa na ufunguo.

Kompyuta ilikuwa juu ya meza ndogo karibu na kitanda, imefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Kiti kilikuwa kimesogezwa kana kwamba mtu amekwenda kuitika simu. Fundi alisimama kizingitini mpaka alipoambiwa aingie, akavua viatu.

"Sikusoma hata barua moja," Mzee alisema, akikitazama kitambaa. "Nilikuwa naiwasha tu. Ivume. Mtu akizoea kuamka na sauti, basi. Asubuhi moja nikabonyeza, haikuitika. Nikabonyeza siku tatu."

"Kwa nini hukusema, Baba?"

"Ningesema nini? Kwamba amefariki tena?"

Shangazi aligeuza uso ukutani. Fundi alipiga magoti, akafungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi, akanusa ndani kama mpishi.

"Kilichoungua ni kisanduku cha umeme," alisema. "Hiki hapa, kinanuka. Diski ndiyo inayotunza mambo, nayo nadhani haikuguswa. Mzee, unaniruhusu niitoe?"

"Ikiharibika?"

"Nitaitoa kwa mikono miwili."

Akaitoa kwa mikono miwili. Akaiunganisha na kompyuta ya ofisini kwa waya wake, wakasimama wote wanne mbele ya skrini. Kiduara kikazunguka. Kisha majina yakaanza kushuka, moja chini ya jingine, kwa herufi kubwa za mama: barua za wateja, barua za halmashauri, barua kwa dada yake, orodha za sokoni, na moja iliyoitwa MUME WANGU ASIPOSIKIA DAWA.

Mzee akatoa sauti isiyokuwa kicheko wala kilio.

"Zote zipo," Fundi alisema. "Nitazihamishia hapa kwako, kando ya KAZI. Jina litabaki BARUA. Mlango utakuwa uleule, ila safari hii mashine ikigonga, ataitika."

Ilichukua robo saa. Penseli alirudishwa chumbani kujaribu. Safari hii alikwenda kwa hiari yake. Akaketi. Alama nyekundu ilikuwa imetoweka. Akashika kipanya kwa mkono wa kulia na sindano kwa wa kushoto, kwa mazoea, akabonyeza KAZI.

Folda ilifunguka kabla hajapitisha uzi.

"Imevuka," alisema.

"Imevuka," Fundi alisema kule ofisini, na hakuna aliyemzuia kuisikia. "Mzee, ikivuka ukuta, na milima itavuka. Haikuwa umbali. Naweza kukuonyesha hata sasa, nikatoka mpaka barabarani nikaifungua huko."

"Sihitaji kuonyeshwa."

Penseli akatoka koridoni. Safari hii hakuambiwa arudi. Baba na Fundi walikuwa wametoka ofisini, na baba alisimama na mgongo kwenye dirisha la korido, akionekana mdogo kuliko koti lake.

"Basi folda si sababu tena," Penseli alimwambia.

"Folda haikuwa sababu," Mzee alisema. "Nyumba hii ina vyumba vitano. Nikikohoa, unaitika. Sasa niambie, wewe mtaalamu," akamgeukia Fundi, "kikohozi nacho kinapita kwenye waya wako?"

Kwa hilo Fundi hakuwa na bisibisi.

"Hakipiti, Mzee," alisema mwishowe.

"Angalau husemi uongo."

"Na mimi je?" Shangazi aliuliza kutoka jikoni. "Mimi ni kabati?"

Mzee aliingia ofisini mwake, akaufunga mlango. Komeo likalia.

Fundi alivaa begi lake. Walisimama koridoni, Penseli na yeye, hatua mbili kati yao, na Shangazi akasogeza sufuria kwa kelele zisizohitajika ili wapate kusema. Lakini maneno yote yaliyongoja miaka mitatu yalikuwa yamejipanga mlangoni kwa pamoja, hakuna hata moja lililoweza kupita.

"Jumapili asubuhi," Fundi alisema.

"Najua."

"Vifungo vile. Vilikuwa vya nani?"

"Vya shati ulilosahau hapa," alisema Penseli. "Nimevishona nikavifumua, nikavishona. Kifungo cha juu ndicho kilichochoka kuliko vyote."

Fundi akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeandika jambo mahali lisipofutika. Akainama, akatoka kwa mlango wa uani alioingilia, na hatua zake zikaisha kwenye kokoto.

Penseli akarudi kuketi mbele ya ule ufa wa jirani. Akafungua ramani, ikafunguka. Akaihifadhi, ikahifadhika. Hapakuwa tena na sekunde za kushonea wala sufuria ya kukimbilia, kila kitu kiliitika mara moja, na hilo lilikuwa kifungo kibaya kuliko cha kwanza. Zamani aliweza kujiambia kwamba anasubiri. Sasa alikuwa amekaa tu.

Jua likateremka kwenye ufa mpaka kwenye ile kona inayofanana na kiwiko. Nyuma ya ukuta akasikia kibodi ya baba. Tak. Kimya kirefu. Tak. Alikuwa akiandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kama alivyoandika kila kitu, kwa herufi kubwa, akitafuta kila moja kama mtu anayetafuta jiwe la mpaka kwenye nyasi. Tak. Akakosea, akafuta, akaanza tena. Penseli alidhani anajibu mteja.

Kisha kwenye skrini yake, chini ya majina ya viwanja, katika orodha ya KAZI, ikatokea folda mpya. Haikuchelewa hata kidogo. Mwanzoni haikuwa na jina. Halafu jina likabadilika mbele ya macho yake:

JUMAMOSI APITE MLANGO WA MBELE

Aliisoma mara tatu. Akaifungua, na ndani hamkuwa na kitu chochote, maana Mzee Mpima hakujua namna ya kuandika ndani ya folda, au alijua na akaona kwamba kwa mtu wa umri wake jina lilitosha.

Upande wa pili wa ukuta, baba yake akakohoa.

"Nimeiona, Baba," Penseli alisema.